Kwale wa mlimani: tumlinde kwa jina lake au tulinde msitu wake?

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu kutoka kijijini, kule juu upande wa milima ya Rubeho wilaya ya Mpwapwa, akaniuliza swali nililodhani nitalijibu kwa dakika mbili. Kamati yao ya maliasili imegawanyika. Wapo wanaotaka waandike barua wizarani, huku mji wa serikali Mtumba, waombe kwale wa msituni atangazwe kisheria kuwa ndege asiyeguswa, atakayemtega afungwe basi. Na wapo wanaosema hapana jamani, tushike msitu kwanza, tuutenge uwe hifadhi ya kijiji na sheria ndogo zetu wenyewe, kwale akiwa na pa kuishi ataongezeka. "Wewe uko hapo Dodoma karibu na serikali, tuambie njia ipi ina nguvu." Nikamwambia nipe siku chache baba. Zikawa wiki tatu, maana kila nilichosoma kilinipeleka kwingine mpaka nikajikuta kwenye habari za ndege mwekundu wa visiwa vya Hawaii kule Marekani, na kumbe sehemu kubwa ya jibu letu ilikuwa huko.

Kwanza kwa wasiomjua kwale huyu. Siyo yule kwale wa mashambani anayekimbia mbele ya pikipiki ukitoka Kongwa. Huyu anakaa kwenye msitu wa ukungu juu kabisa mlimani, anachakura majani makavu chini ya miti mikubwa, hata ukikaa miaka hapa mjini na vumbi hili na jua hili huwezi kuamini kwamba mkoa huuhuu wa Dodoma una msitu wenye kuvu na ndizi-mwitu zinazodondosha maji asubuhi. Milima hii ni ya Tao la Mashariki, inaanzia Taita kule Kenya inashuka mpaka Udzungwa, kila mlima una msitu wake kichwani na chini umezungukwa na nyika kavu, kwa hiyo ni visiwa kabisa ila bahari yake ni ukame. Kwale wa Rubeho hawezi kuvuka nyika ile aende kuoa Udzungwa. Ndugu yake wa Udzungwa aligunduliwa 1991, watafiti walikuwa kambini wakaona kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemjua, 1994 akaandikwa rasmi, na ikaonekana jamaa zake wa karibu wako Asia mbali huko. Huyu wa kwetu aliandikwa 2003 kama jamii ndogo ya yule wa Udzungwa, halafu 2005 utafiti wa vinasaba ukasema ni aina yake mwenyewe. Hilo la jina likumbukeni, tutalirudia.

Sasa twende Hawaii. Kule kuna ndege anaitwa i'iwi. Mwekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa meusi, mdomo umepinda kama mundu, anafyonza maua hasa ya mti wanaouita ohia, na zamani machifu wao walivaa majoho yaliyotengenezwa kwa manyoya yake. Alikuwepo kuanzia karibu na pwani mpaka milimani. Hawaii haikuwa na mbu hata mmoja, wanasema wa kwanza waliingia na meli 1826 kisiwani Maui, ni hawahawa kuleksi wanaotuimbia masikioni usiku mvua zikianza, baadaye ikaingia malaria ya ndege, siyo hii yetu ya binadamu, ni ya ndege tu. I'iwi hana kinga nayo. Kwenye majaribio, wakiumwa na mbu mwenye vimelea, katika ndege kumi wanakufa tisa au zaidi. Ndiyo maana leo wengi wao wamebanwa juu milimani, kama mita 1,300 hadi 1,900, ambako baridi inamshinda mbu. Lakini joto linapanda mwaka hadi mwaka na mbu anapanda nalo, na ndege akifika kileleni hana tena pa kwenda.

Marekani wanayo sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka, ya 1973, ambayo inafanya hasa kile wenzetu wa kundi la kwanza wanachokitaka, yaani kiumbe anaingizwa kwenye orodha kwa jina lake na kuanzia hapo sheria inamfuata popote alipo, iwe msitu wa serikali au shamba la mtu. Watu wa uhifadhi waliomba i'iwi aingizwe 2010. Pendekezo rasmi likatoka 2016, akaingia kwenye orodha Septemba 2017 katika daraja la pili, la wale wanaoelekea kuwa hatarini. Miaka saba, na hii ni nchi yenye pesa na wataalamu na mawakili. Kilichonishangaza ni kwamba wakati wanamuingiza walikuwa wanakadiria wamebaki kama 600,000. Unaweza kusema mbona wengi? Ila tisa kati ya kumi walikuwa kisiwa kimoja tu, kile kikubwa, na kisiwa cha Kauai walibaki kama 2,500 na wanapungua haraka. Hapo nawapongeza kwa dhati, hawakusubiri wabaki kumi ndipo wapige kelele.

Na kuna sababu ya kuharakisha. Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliondoa viumbe 21 kwenye orodha hiyohiyo kwa sababu wameshatoweka, na kati yao ndege wa msituni wa Hawaii walikuwa wanane. Nane! Wengi waliingizwa kwenye orodha wakiwa wamebaki wachache mno au pengine wameshaisha, sheria ikawa inalinda jina tu. Mmoja wao, poouli, aligunduliwa 1973, mwaka uleule wa sheria, na yule wa mwisho aliyejulikana alifia mikononi mwa watu waliokuwa wanajaribu kumwokoa Novemba 2004. Niliposoma hiyo nilifunga simu nikakaa kidogo.

Kwa hiyo kuorodheshwa kunasaidia nini? Kunasaidia, sitaki mtu aseme nimebeza. Kule idara yoyote ya serikali kuu ikitaka kujenga barabara au kutoa kibali cha mradi lazima kwanza iulize kama itamdhuru ndege huyo. Lazima uandaliwe mpango wa kumrudisha. Pesa inapatikana kirahisi zaidi, na mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki serikali yenyewe ikizembea, kitu ambacho mimi nakiona ndiyo moyo wa sheria ile. Adhabu ipo, faini mpaka dola 50,000 na kifungo mpaka mwaka mmoja kwa makosa makubwa. Lakini mbu hapelekwi mahakamani. Kinachomuua i'iwi hakisomi gazeti la serikali, na ndiyo maana kazi kubwa kule sasa hivi iko kwenye mbu wenyewe, tangu mwishoni mwa 2023 wanamwaga kwa helikopta mbu dume kule Maui, dume hawaumi, wamepandikizwa bakteria ambayo jike wa porini akipandwa nao mayai yake hayaanguliwi. Orodha ndiyo iliyoupa mradi kama huo uzito na msukumo. Yenyewe peke yake isingemzuia mbu hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoona kosa la swali letu. Tulikuwa tunauliza sheria ipi ina nguvu kabla ya kuuliza kwale wetu anauawa na nini.

Nikampigia baba mdogo, shikamoo, nikamuuliza hilo. Akanijibu bila kufikiri: mitego ya waya, moto wa kiangazi unaopanda kutoka kwenye mashamba ya chini, na watu wanaokata msitu walime maharage na viazi kwa sababu udongo wa juu una unyevu na chini mvua zimekuwa za kubahatisha. Aliyataja kwa mpangilio huo, ila yeye anasema moto ni mbaya kuliko mtego, maana mtego unachukua kwale mmoja lakini moto ukila kingo za msitu hao wengine wanakosa pa kutagia, na msitu ulioungua pembeni mwaka ujao unaungua ndani zaidi.

Sasa weka njia hizi mbili pamoja kwa hayo matatu.

Mtego. Watu hawajui hili na nataka lieleweke vizuri: hata leo, bila barua yoyote Mtumba, kutega kwa waya ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kuwinda bila leseni ni kosa, na nyaya ni njia iliyokatazwa hata kwa mwenye leseni. Kwa hiyo tukiomba kwale atajwe kwa jina hatuongezi katazo, tunaongeza uzito wa kosa, na hilo ni kweli lina maana kwa mfanyabiashara wa nyama anayekuja na pikipiki kutoka mbali. Ila kuna shida mbili. Ya kwanza, kwale wa kawaida wanawindwa kihalali kwa leseni, na mtego wa waya hauchagui, wala kijana aliyeshika manyoya yaliyokwisha nyonyolewa huwezi kumthibitishia mahakamani kwamba huyu alikuwa wa msituni na siyo wa shambani. Ya pili ni lile jina. 2003 jamii ndogo, 2005 aina kamili, na wapo wataalamu mpaka leo wanaomhesabu pamoja na yule wa Udzungwa. Sheria inayosimama juu ya jina inayumba jina likiyumba. Wamarekani walilitatua hilo, sheria yao inaruhusu kulinda hata jamii ndogo, na sisi tukiomba basi tuombe kwa namna hiyo, itajwe kwamba ni kwale wa msitu wa Rubeho kwa jina lolote atakaloitwa na wanasayansi.

Moto na shamba. Hapa njia ya jina haina mkono kabisa. Mtu aliyewasha majani kuandaa shamba hakukusudia kumuua kwale, na askari wa wanyamapori hayupo hapo, yuko mbali na ana tembo wanaovamia mazao ya watu kwingine. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo inayogusa hayo, kukata, kulima, kuchunga, kuwasha moto ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na haijali kama chini ya mti kuna kwale au konokono.

Lakini "kulinda msitu" nako siyo kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanachanganya, hata mimi nilichanganya. Swali la kwanza ni ardhi ni ya nani. Kama msitu uko ndani ya ardhi ya kijiji, mnaweza kuutenga uwe msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji: mkutano mkuu unapitisha, kamati ya maliasili inaundwa, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, halmashauri ya wilaya inazipitisha, msitu unasajiliwa. Mkifika hapo msitu ni wenu, faini ni zenu, mapato yatokanayo na mazao ya msitu yanabaki kijijini. Kanda hii yetu ya kati na jirani zake ndiyo iliyowafundisha wengine, Duru-Haitemba kule Babati na Mgori kule Singida vijiji vilianza kulinda misitu yao miaka ya 1990, kabla hata sheria ya 2002 haijatungwa, na vijiji vya msitu wa SULEDO kule Kiteto vilipata tuzo ya kimataifa 2002. Ugumu wake naujua kwa sababu nimeona kijiji kimoja kikikwama miaka: mpaka wa kijiji una mgogoro na jirani, mpango wa matumizi ya ardhi unataka pesa ya wapimaji, sheria ndogo zinalala kwenye droo wilayani kwa sababu hakuna wa kuzifuatilia. Anayechagua njia hii achague pia mtu wa kupanda basi kila mwezi kwenda kugonga mlango.

Kama msitu ni wa serikali kuu, uko chini ya TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, kijiji hakiwezi kuutangaza wake. Kinachowezekana ni makubaliano ya usimamizi wa pamoja, na hapa niseme wazi, kwa misitu ya vyanzo vya maji ambayo hairuhusiwi kuvunwa mbao, mara nyingi kijiji kinabeba doria na mgao unakuwa mdogo au haupo. Watu wanachoka. Doria ya bure inadumu misimu miwili mitatu. Ukiingia kwenye makubaliano hayo soma mgao kabla ya kusoma majukumu, na kama haujaandikwa usiweke saini.

Halafu kuna daraja la juu, hifadhi ya mazingira asilia, kama Amani kule Tanga iliyoanza 1997. Hilo ndilo daraja zito kwa misitu, uvunaji haupo, utafiti na utalii upo, na wageni wanaokuja kuangalia ndege wanalipa. Kwa kwale wa kwetu nadhani lingefaa sana, kwa sababu msitu wake ni mdogo, uko kileleni, na hauna cha kuvunwa ambacho thamani yake inafikia ya maji yanayoshuka kwenye mashamba ya chini. Ila linatoka juu, siyo kwenye mkutano wa kijiji, na mwenye shamba pembeni atataka kujua mpaka unapita wapi kabla hajaunga mkono. Ana haki.

Nisiwe mtu wa upande mmoja, yapo mahali njia ya jina inashinda waziwazi. Wale kasuku wadogo wenye kola ya njano tunaowaona hapa Dodoma kwenye mibuyu, na ndugu zao wa kaskazini wanaoitwa kasuku wa Fischer, miaka ya 1980 ndege wa namna hii walikamatwa kwa maelfu wakapelekwa nje kufugwa kwenye vizimba. Mibuyu ilikuwepo na nyika ilikuwepo, aliyekuwa anaondolewa ni ndege mwenyewe, kwa hiyo hifadhi ya msitu isingezuia chochote. Kilichosaidia ni udhibiti wa biashara ya kimataifa unaomlenga ndege mwenyewe, Ulaya kufunga milango kwa ndege wa porini, na serikali yetu kusimamisha usafirishaji wa wanyama hai 2016. Shida ikiwa soko, taja jina.

Na upo mfano mwingine ambao naupenda kuliko yote ingawa siyo ndege, ni yule popo mkubwa wa Pemba. Miaka ya 1990 alihesabiwa katika daraja la hatari kubwa kabisa duniani, aliwindwa kwa kitoweo na misitu mingi ilikuwa imeisha. Wanakijiji wa sehemu kama Kidike wakakubaliana wao kwa wao kulinda miti anayolala, wakaunda vikundi, watoto wakafundishwa, wageni wakaanza kulipa kuja kumwona. Baadaye wakahesabiwa zaidi ya 20,000 na daraja lake la hatari likashushwa. Msitu wa Ngezi peke yake ni kama kilomita za mraba 14, usingeweza kubeba kazi yote, popo wengi wanalala nje ya hifadhi, kwenye miti ya makaburini na mashambani. Hata ndege wa Pemba ni hivyohivyo, ninga wa Pemba na yule bundi mdogo wanaonekana mpaka kwenye mikarafuu ya watu. Kwa kiumbe anayetembea nje ya mpaka namna hiyo, makubaliano ya watu yanamfuata mahali ambapo mpaka wa hifadhi haufiki. Kwale wa Rubeho hatembei, haonekani nje ya msitu wake wa ukungu. Kwake yeye mpaka wa msitu na mpaka wa maisha ni mstari mmoja.

Kwa hiyo niliyomwambia baba mdogo ni haya, na nayaandika ili na wengine wenye msitu mlimani, iwe Mpwapwa, iwe Kondoa, wapime wenyewe. Kwanza kamati iende ofisi ya misitu wilayani iulize kwa maandishi msitu wetu umesajiliwa kama nini, maana nusu ya ugomvi wao ni kwa sababu hakuna anayejua mpaka wa serikali unaanzia wapi. Kipande kilicho kwenye ardhi ya kijiji, na kwa maelezo yake kipo, ni kile cha pembeni kinachoungua kila mwaka, kitengwe hifadhi ya kijiji haraka iwezekanavyo, hata kama ni kidogo, kwa sababu ndicho kinachokinga kile cha juu. Sheria ndogo ya kwanza iwe ya moto: tarehe ya mwisho ya kuchoma mashamba, barabara ya moto, yaani ule ukanda wa kuuzuia moto usivuke, inafyekwa na nani, na anayewasha bila kumjulisha mwenyekiti analipa nini. Ya mitego iwe ya pili. Kile cha juu cha serikali, waombe kipandishwe daraja, na barua hiyo ndiyo iende Mtumba, siyo ile ya jina. Ya jina waiandike baadaye, msitu ukishasimama, na nitawasaidia kuiandika, maana siku akija mnunuzi mwenye pesa tutaihitaji.

Kundi la kwanza halikufurahi sana. Mzee mmoja alinitumia ujumbe wa sauti akisema barua ya jina ni bure, karatasi na stempu tu, na hifadhi ya kijiji ni gharama, kwa nini nawaambia waanze na kigumu. Hoja yake ni ya haki na nilimjibu kwa heshima: mzee, karatasi ikitangulia watu watadhani kwale ameshalindwa, na Agosti moto utapanda kama kawaida. Hajajibu bado. Ila baba mdogo ameniambia Jumamosi wanapanda yeye na vijana wanne na panga, wanaenda kuangalia barabara ya moto ya zamani kama bado inaonekana.